Simuleta ya briji nzima, ya mezani, miwani ya VR, modeli za ziwani au meli yenyewe: uchague ipi kupunguza makosa ya kuongoza meli?

Swali la "ipi bora" kuhusu simuleta, yaani vifaa vya kuigiza uendeshaji wa meli, naulizwa sana na watu wa aina mbili. Wa kwanza ni kijana kamaliza darasani, ana hela ya kozi moja ya ziada na hataki kuipoteza. Wa pili ni mtu wa ofisi anayesimamia meli kadhaa, kapewa bajeti ya mwaka na kaambiwa makosa ya kwenye briji (chumba cha kuongozea meli) yapungue. Wote wanakuja na vipeperushi mkononi wanalinganisha ukubwa wa skrini. Mimi nimekaa zamu baharini, kisha nikakaa miaka upande wa pili wa kioo, kwenye chumba cha mkufunzi, na huwa nawaambia waweke vipeperushi pembeni kwanza waniambie kosa gani linawasumbua, manake makosa hayafanani na hivi vifaa navyo kila kimoja kina kosa lake kinaloliweza.

Vipimo kwanza

Kipimo cha kwanza ni hicho hicho, aina ya kosa. Mimi nayagawa kwa lugha ya kawaida tu. Kuna kosa la kutojua, mtu hajui kifaa au hajui sheria. Kuna kosa la mkono, anajua vizuri ila kabonyeza sivyo, au amri kaisikia sivyo. Kuna kosa la kuiamini mashine mpaka macho yanaacha kazi. Kuna kosa la kunyamaza, mtu kaona hatari hakusema, au kasema kwa sauti ndogo ikapotea. Kuna kosa la kukadiria, yaani hujui meli ikiwa na mzigo inachukua umbali gani kusimama, au inavyovutwa na ukingo wa mfereji. Halafu kuna uchovu.

Vingine vitano: je, meli ya mazoezi inatembea kama meli kweli, je, timu nzima inafanya kazi pamoja au ni mtu mmoja na skrini yake, mtu mmoja anapata kurudia mara ngapi yeye mwenyewe akiwa ameshika, gharama pamoja na mkufunzi (hivi sivitenganishi, kifaa bila mkufunzi ni kama gemu tu), na mwisho cheti. Kwenye cheti ujue kwamba mkataba wa STCW wa 1978 (mkataba wa kimataifa wa mafunzo na vyeti vya mabaharia), pamoja na marekebisho ya Manila ya 2010 yaliyoanza kutumika 1 Januari 2012, una kanuni yake ya simuleta, I/12, na mafunzo ya rada na ARPA (kifaa cha rada kinachofuatilia meli nyingine chenyewe) yanatakiwa yafanyike kwenye simuleta iliyokubaliwa. Kingine, DNV, shirika linalokagua na kupanga madaraja ya meli na vifaa vyake, wanazipanga simuleta kwa herufi: A ni briji nzima, B ina kazi nyingi ila si zote, C ina kazi chache, S ni ya kazi moja maalumu. Ukitajiwa herufi, usiishie kusikia kwamba A ni kubwa, uliza hiyo herufi inaruhusu zoezi gani.

Simuleta ya briji nzima

Hii ndo ile ya picha za kwenye matangazo: chumba kama briji halisi, usukani, rada mbili, ECDIS ambayo ni ramani ya kielektroniki, redio, na bahari imekuzunguka kwenye skrini kubwa.

Kosa inaloliweza kuliko vifaa vingine vyote ni la kunyamaza, na linalofuata ni la kuiamini mashine. Kiwango cha STCW chenyewe kinataka simuleta ionyeshe uwezo wa kifaa, mipaka yake na hata makosa ambayo kifaa hicho kinaweza kufanya, na hicho kipengele cha mwisho mkufunzi mzuri anakitumia kweli kweli. Chukua Royal Majesty, Juni 1995, meli ya abiria imetoka Bermuda inaenda Boston. Waya wa antena ya GPS ulichomoka muda mfupi baada ya kuondoka, GPS ikaanza kukadiria tu mahali ilipo kwa mwendo na uelekeo, otopailoti (mtambo unaoongoza meli wenyewe) ikaendelea kuifuata, na kwa zaidi ya saa 30 hakuna aliyegundua, mpaka meli ikakwama karibu na Nantucket ikiwa imepotea njia kwa maili 17 hivi. Njiani afisa mmoja aliona kitu kwenye rada pale alipotarajia kuona boya, akaamini ndo boya lenyewe, kumbe lilikuwa boya jingine. Sasa kwenye simuleta ya briji nzima hili unalitengeneza asubuhi moja, unaikata GPS kimya kimya, unakaa nyuma ya kioo unahesabu dakika.

Nikupe zoezi moja nililoliona kwa karibu. Usiku, kuna meli inakuja kutoka kulia, uelekeo wake haubadiliki, maana yake mnakwenda kukutana. Kijana wa zamu yuko kwenye rada anasoma namba. Anageuza nyuzi tano. Anasoma tena, anageuza nyuzi tano nyingine. Mwangalizi wake kasema "meli kulia" kwa sauti ya mtu anayeogopa kusumbua, hakujibiwa, hakurudia. Kanuni ya 8 ya sheria za kuzuia migongano inasema uviepuke hivyo vigeuzo vidogo vidogo, inataka ugeuze kiasi cha mwenzako kukuona mara moja, kwa macho au kwa rada, na yule kijana kanuni hiyo alikuwa anaijua kwa moyo. Meli zilipishana kwa umbali mdogo wa kutisha. Baadaye tukaweka rekodi, na mkufunzi mwenzangu hakumwuliza "kwa nini umekosea", alimwuliza "hapa ulikuwa unaona nini?" Kijana akajitazama, akaona dakika 11 zimepita hajainua kichwa kuangalia dirishani hata mara moja. Alinyamaza muda. Halafu akamgeukia mwangalizi akamwambia, "kaka, uliniambia, sikukusikia." Kwa maoni yangu mafunzo ya siku ile nzima yalifanyika kwenye hiyo sentensi, na yalifanyika kwenye chumba cha mazungumzo chenye meza na televisheni, ile briji ya gharama ilikuwa imezimwa.

Kwa hiyo timu, hapa hakuna mpinzani. Mwendo wa meli ni mzuri kwenye maji ya wazi, ila kumbuka meli ni hesabu za kompyuta tu, na kwenye kina kifupi, karibu na ukingo au unaposukumwa na tagi (boti ya kuvuta na kusukuma meli), uhalisia unategemea hizo hesabu zimetengenezwa vizuri kiasi gani kwa meli ile na bandari ile. Marudio ndo udhaifu wake mkubwa, wiki nzima watu wanne mnagawana briji moja, wewe kama afisa mkuu wa zoezi unashika labda mara mbili tatu. Gharama iko juu, ongeza safari na siku za kutokuwa kazini. Cheti kinatambulika, mradi kituo kimeidhinishwa.

Inamfaa nani: timu ambayo tayari inajua vifaa ila haizungumzi. Ukimpeleka mtu ambaye bado anatafuta kitufe cha rada, ataitumia siku nzima kutafuta kitufe na wenzake watasubiri.

Simuleta ya mezani

Kompyuta, skrini mbili au tatu, kipanya, labda kausukani kadogo. Siku hizi nyingine unazitumia kwa intaneti ukiwa nyumbani au hata ndani ya meli.

Kosa lake ni la kutojua na la mkono, na hapo inafanya kazi nzuri kuliko watu wanavyoipa heshima. Kuseti ECDIS, kusoma vekta za rada (mistari inayoonyesha meli nyingine inaelekea wapi) na kujua hii ni ya kweli au ya kulinganisha na mwendo wako, kupanga safari, kuamua nani anampisha nani: haya ni mambo ya kurudia mara mia, hayahitaji ukuta wa skrini. Jioni moja unaweza kupishana na meli 15 na kila ukikosea unaanza upya, kwenye briji nzima hilo halitokei.

Lakini kuna mtego. Ovit, meli ya kemikali, Septemba 2013 ilikwama kwenye fungu la mchanga la Varne pale mlango wa Dover. Njia ilikuwa imechorwa na afisa kijana ikapita juu ya fungu, haikukaguliwa ipasavyo, mipangilio ya usalama ya ECDIS haikufaa, sauti ya kengele haikuwa inafanya kazi, na afisa wa zamu alichukua dakika 19 kugundua kwamba meli imekwama. Na wale maafisa walikuwa wamepitia mafunzo ya ECDIS! Somo ninalolipata hapo ni kwamba saa za kozi haziondoi kosa kama mtu hakufanyishwa kazi ile ile atakayoifanya melini, kwa aina ile ile ya kifaa. ECDIS za watengenezaji tofauti zina menyu tofauti, ulichozoea hapa kule kimefichwa kwingine. Ukichagua ya mezani, hakikisha programu inafanana na kifaa cha meli yako, na mkufunzi anakupa njia yenye makosa ndani yake uyatafute mwenyewe, si kukuonyesha tu vitufe.

Mwendo wa meli unatosha kwa kupishana, hautoshi kwa kufunga gati. Timu karibu haipo, ingawa kuna vituo vinaunganisha meza kadhaa kila mtu anaendesha meli yake kwenye bahari moja, na hilo linasaidia sana kwa sababu meli unayoikwepa ina binadamu ndani naye anababaika kama wewe. Gharama iko chini kabisa, hatari ni kwamba ofisi zinanunua leseni zinawaachia watu bila mkufunzi. Cheti: kwa baadhi ya kozi za rada na ECDIS inakubalika kituo kikiwa na idhini, kwa mazoezi ya nyumbani peke yake hapana.

Inafaa: kadeti (afisa mwanafunzi), na afisa anayehamia meli yenye vifaa vigeni kwake. Pia mtu aliyekaa nchi kavu muda mrefu, kabla hajarudi.

Miwani ya VR

Hapa sitakaa sana. Ni miwani inayokuonyesha mahali palipotengenezwa na kompyuta kana kwamba umo ndani. Kosa inaloligusa ni la macho: kutazama huku na kule, kutoka bawa moja la briji (ile sehemu inayochomoza ubavuni) hadi jingine, kukadiria umbali wa gati, kujifunza briji usiyowahi kuingia. Kwa mazoea ya mahali ni nzuri, mtu anaingia melini siku ya kwanza tayari anajua swichi ya usukani wa dharura iko wapi. Udhaifu ni mikono na nyuso: kifaa unakiona ila hukishiki sawasawa, mwenzako unaona sanamu yake huoni kwamba amekunja uso kwa wasiwasi, na kosa la kunyamaza linasomwa usoni. Wengine wanapata kizunguzungu baada ya muda mfupi, usiwalazimishe. Kurudia ni rahisi, bei imeshuka ukilinganisha na briji nzima, cheti inategemea mamlaka inayokusimamia kwa hiyo waulize kabla hujalipa. Mimi naiona kama nyongeza ya zile mbili za juu kwa kampuni yenye meli nyingi zinazofanana.

Modeli za ziwani

Wengi hawajawahi hata kusikia. Ni meli ndogo za mfano ambazo watu wanapanda na kuziendesha, ziwani, kwenye maji ya kweli. Port Revel kule Ufaransa, karibu na Grenoble, wapo tangu 1967, na Poland kuna kituo Iława. Skeli ya kawaida ni 1:25, kwa hiyo meli ya mita 300 inakuwa mita 12, na kina cha mita 20 kinakuwa sentimita 80.

Kosa lake ni la kukadiria, na sijaona kifaa kingine kinacholifundisha hivi. Ukingo ukivuta, unavuta kweli. Kina kikipungua, meli inazama kidogo zaidi majini kwa mwendo wake yenyewe, bila kompyuta kuambiwa. Mwaka 1992 Queen Elizabeth 2 ilipiga mwamba karibu na kisiwa cha Cuttyhunk, Massachusetts, ikiwa kwenye mwendo wa noti 25 hivi (noti ni maili ya bahari kwa saa). Vipimo vya ramani eneo lile vilikuwa vya zamani sana, ila pia kule kuzama kwa ajili ya mwendo hakukuhesabiwa ipasavyo, na nahodha na rubani (mtaalamu wa maji ya eneo lile anayemshauri nahodha) hawakuwa wamekubaliana vizuri juu ya njia. Sehemu ya kuzama unajifunza ziwani kwa tumbo lako mwenyewe, unapunguza mwendo unahisi modeli inainuka. Sehemu ya kukubaliana ziwani haifundishwi sana, hiyo irudishe kwenye briji nzima.

Kitu cha kuzoea ni saa. Kwa skeli ya 1:25 mambo yanatokea mara tano haraka zaidi, dakika tano za meli halisi ni dakika moja ya ziwani, na kiupepo cha noti 5 ni kama noti 25 kwa meli kubwa. Siku ya kwanza watu wazima wenye miaka 20 ya unahodha wanagonga gati kama watoto. Siku ya tatu mikono imetulia, na hapo ndo wanaanza kuamuru mapema, kabla meli haijaanza kuonyesha inataka kwenda wapi, na hiyo tabia ya kuwahi wanaondoka nayo.

Rada na ECDIS hapa usivitafute. Timu ni ndogo, watu wawili hivi. Marudio ni mazuri kwa sababu ya hiyo saa inayokimbia. Gharama ni kubwa na vituo ni vichache duniani, utasafiri. Wakufunzi mara nyingi ni manahodha na marubani wa muda mrefu, na kwa mimi hilo ni nusu ya thamani. Cheti ni cha ujuzi wa kuimudu meli, hakikai badala ya kozi za lazima.

Inafaa: marubani wa bandari, na manahodha wanaopandishwa kwenda meli kubwa kuliko walizozoea. Kadeti asubiri, hata akienda hatakuwa na cha kulinganisha nacho.

Meli yenyewe, chini ya afisa anayefundisha

Hii watu wanaisahau kwenye ulinganisho, wakati STCW inamtaka kadeti awe na angalau miezi 12 baharini yenye mafunzo yaliyoandikwa kwenye kitabu chake, na ndani yake miezi 6 ya kazi za zamu kwenye briji chini ya usimamizi.

Kosa ambalo hapa tu linafundishwa ni la uchovu. Simuleta inaweza kukupa ukungu na dhoruba, haiwezi kukupa saa kumi alfajiri ya siku ya tisa mfululizo, bahari tambarare, hakuna meli hata moja na kope zinakuwa nzito. Unajijua wewe ukichoka unakuwaje: kuna anayeacha kuandika, kuna anayeanza kukubali kila kitu, mimi nilikuwa nasoma namba ile ile mara tatu bila kuielewa. Mwendo wa meli ni wenyewe, hakuna cha kubishana, na timu ni ile utakayofanya nayo kazi.

Tatizo ni kwamba hatari huwezi kuipanga na huruhusiwi kukosea. Mtu anaweza kukaa mwaka mzima asikutane na GPS iliyodanganya. Na yote yanategemea ulimpata nani. Mimi nilibahatika, nahodha wangu mmoja alikuwa anapanda briji na karatasi, anafunika skrini ya GPS, anasema "imekufa, tuko wapi?" na unatakiwa uchukue vipimo vya mnara na kilima kwa macho uweke alama kwenye ramani huku yeye anakunywa chai yake. Halikuwa na gharama hata senti moja lile zoezi. Meli iliyofuata afisa aliyekuwa juu yangu hakupenda kuulizwa, nikajifunza kunyamaza, na ile tabia ilinichukua muda mrefu kuitoa.

Inafaa wote, ila kama njia pekee inamfaa yule tu mwenye mwalimu mzuri juu yake.

Sasa kwa hali yako

Wewe kadeti mwenye hela ya kozi moja: anza na ya mezani yenye mkufunzi, rudia kupishana mpaka kanuni zije bila kufikiri, briji nzima utaipata kwenye kozi zako za lazima na utaingia ukiwa na kichwa cha kuangalia nje.

Afisa unayehamia meli yenye ECDIS nyingine: ya mezani ya kifaa hicho hicho, hata siku mbili tatu, kabla ya kupanda.

Nahodha unayeenda meli kubwa zaidi, au rubani: ziwani ukiweza. Usipoweza, tafuta briji nzima ambayo ina hesabu za meli inayofanana na yako, na uombe mazoezi ya kina kifupi na mwendo mdogo, mengine yaache.

Mwenye bajeti ndogo sana: usinunue kifaa chochote mwaka huu. Lipia mafunzo ya ukufunzi kwa manahodha wawili watatu wenye subira (IMO, shirika la Umoja wa Mataifa la mambo ya bahari, wana kozi ya mfano namba 6.10 kwa wakufunzi wa simuleta, na sehemu yake ya jinsi ya kuzungumza na mwanafunzi baada ya zoezi inafaa hata kwa anayefundisha melini), halafu waanze na ile karatasi ya kufunika skrini.

Na ofisi yenye meli ambazo zimekuwa na matukio ya kuponea chupuchupu: nendeni briji nzima, ila msichukue mazoezi ya kituo yaliyo tayari. Pelekeni rekodi za tukio lenu wenyewe, majina yakiwa yameondolewa, mwombeni mkufunzi alijenge upya, bandari ile, upepo ule, saa zile. Wapelekeni watu wa vyeo vyote, mshika usukani na mwangalizi wakiwemo, si maafisa peke yao. Na kabla hamjalipa ulizeni zoezi la saa moja linafuatiwa na mazungumzo ya muda gani, na rekodi itakayowekwa ina sauti za briji au ni mchoro wa njia ya meli tu. Wakiwaambia mazungumzo ni dakika kumi na sauti hawarekodi, tafuteni kituo kingine.